Mama mdogo, homa ya mafua na vidonge vyako vya warfarini

Mama mdogo, shikamoo.

Baridi ya Juni na Julai hapo Uyole huja na homa ya mafua, na wewe una vali ya moyo ya bandia na kila jioni unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari akikuandikia oseltamiviri, dawa ya virusi vya mafua, maarufu kwa jina la Tamiflu, usiiogope. Haina sifa ya kugongana na warfarini moja kwa moja. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni kapsuli ya mg 75 asubuhi na nyingine jioni kwa siku 5. Imeze baada ya kula, maana huleta kichefuchefu, na uianze ndani ya saa 48 tangu homa ianze. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, kwa hiyo hali ya figo zako itaje mapema.

Ninachokihofia ni ugonjwa wenyewe. Mwenye homa kali hali chakula. Siku 3 bila chainizi wala majani ya maboga, vitamini K hupungua mwilini, na warfarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyohiyo. Dozi iliyokutosha juzi leo imezidi. Homa nayo huzimaliza haraka protini za kugandisha damu. Ndiyo maana INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, hupanda hata kama hujabadilisha kidonge. Pima siku ya 3 hadi ya 5 ya ugonjwa, usingoje tarehe ya kliniki. Dozi asiibadilishe mtu ila daktari, akiwa na namba hiyo mkononi. Kuacha warfarini kwa hofu ni hatari kubwa zaidi: damu huweza kuganda kwenye vali.

Kisha kuna duka la dawa, na hapa nakuomba sana. Kabla hujataja mafua, sema kwanza, "Natumia warfarini." Kataa aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Sindano ya diklofenaki ya makalioni ni mbaya mara mbili: dawa yenyewe huchochea kutoka damu, na damu huvujia ndani ya msuli. Tumia parasetamoli, lakini isizidi vidonge 4 vya mg 500 kwa siku, na hesabu pia iliyomo kwenye dawa za mafua za mchanganyiko. Septrin na Flagyl ni antibiotiki, haziui virusi, ila INR huipandisha kwelikweli.

Choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa mwekundu, pua ikitoka damu zaidi ya dakika 10 huku umeibana, kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, au ukianguka ukagonga kichwa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Jirani yako anayetumia rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, asiifuate ratiba hii ya vipimo. INR haipimi dawa yake.

Ukipona na hamu ya mboga ikirudi, INR itashuka. Pima tena baada ya wiki moja, hasa kama dozi ilipunguzwa ulipokuwa unaumwa.