Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Kiboko ya viwavi wa michungwa tayari yupo shambani

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Muheza. Nakuandikia kuhusu kiwavi wa mchungwa na nyigu wadogo wanaomuua. Kiwavi huyo ni yule anayekuja kuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, ndiyo maana mche huwa umeshaliwa nusu kabla mwenye kitalu hajashtuka. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili kisogoni zenye harufu kali.

Ushauri tunaopata ni mmoja tu: piga dawa. Kwenye duka moja la pembejeo niliuziwa sumu ya jamii ya pairethroidi, nikaambiwa nipulizie kila baada ya wiki mbili, wadudu wawepo wasiwepo. Hakuna aliyeniuliza kama nina miche au michungwa mikubwa. Mti uliokomaa ukipoteza majani kadhaa hautikisiki. Anayeumia ni mche, na viwavi wa kitaluni unaweza kuwaokota kwa mkono.

Sumu ile haichagui. Inaua na nyigu wanaotusaidia bure, na simsemi yule wa darini anayetuvimbisha macho. Hawa ni wadogo mno. Wapo wasiofika hata milimita moja, wanaotaga ndani ya yai la kipepeo: yai linageuka jeusi na kiwavi hatoki kamwe. Wapo wanaomvizia kiwavi aliyeshiba mpaka ajigeuze pupa, yaani anapotulia kwenye ganda kabla ya kuwa kipepeo, wakamchoma na kumtagia mayai angali laini. Mheshimiwa, ukipita shambani mtazame pupa aliyejifunga kwa uzi kwenye kijiti cha mchungwa. Ukimkuta amekauka na ana kitundu kidogo ubavuni, jua kipepeo hakutoka humo. Walitoka nyigu, makumi kwa makumi.

Niseme ukweli, nyigu wa pupa hauokoi mche ulioliwa leo, maana kiwavi ameshakula akashiba. Anachokata ni kizazi kinachofuata. Ndiyo sababu ukimuua kwa sumu utalazimika kununua sumu tena, na mara nyingi wadudu gamba nao wanafumka kwa kuwa maadui zao wamekufa pamoja naye.

Jambo hili si geni. Kidung'ata wa mihogo alidhibitiwa Afrika na nyigu Anagyrus lopezi kutoka Amerika Kusini, aliyeachiliwa kwanza Nigeria mwaka 1981. Afrika Kusini, wakulima wa machungwa wanaachilia nyigu wa mayai, Trichogrammatoidea cryptophlebiae, dhidi ya nondo ambaye kiwavi wake hutoboa tunda. Nondo huyo ni mdudu wa karantini Umoja wa Ulaya, yaani haruhusiwi kuingia, kwa hiyo anayeota kuuza machungwa huko hawezi kumpuuza. Nasi hapa wazee wetu waliwaacha maji moto, wale chungu wakali wanaoshona viota vya majani na kuwinda wadudu, juu ya miti wala hawakuwapulizia. Walijua wanachofanya, ingawa mchumaji anaweza kuwa na maoni tofauti!

Ombi langu ni maafisa ugani wa wilaya za machungwa wafundishwe kuwatambua nyigu hawa, na somo liingie kwenye mashamba darasa. Vifaa ni ndoo na kipande cha chandarua. Viwavi wakubwa na pupa waliookotwa wanatiwa ndooni pamoja na majani, mdomo unafunikwa: nyigu wanapenya kwenye matundu, kipepeo anabaki ndani. Pia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu isimamie lebo ziseme kwa Kiswahili kinachosomeka kama sumu inaua wadudu rafiki. Na pale ambapo kupulizia hakukwepeki, tupate Bt madukani, kiuatilifu cha bakteria kinachomuua kiwavi anapokila, nyigu akabaki.

Mvua za vuli zikianza, michungwa itachipua na vipepeo watakuja kutaga kwenye majani machanga. Tunaomba maelekezo yafike vijijini kabla ya Oktoba.

Wako katika kilimo,
Mkulima wa machungwa, Muheza, Tanga