Kwa wazazi mlionuniana: msimtume mtoto

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaolala nyumba moja bila kusemeshana. Miaka niliyokaa kwenye baraza la usuluhishi la ndoa la kata imenionyesha mengi, lakini hili la mtoto ndilo linaloniuma zaidi.

“Mwambie baba yako gesi imeisha.” “Mwambie mama yako hela nimeacha mezani.” Mtoto wa darasa la sita anazunguka kati yenu, na njiani anayapunguza makali maneno ya kila mmoja ili pasiwake moto. Kazi hiyo hakuna aliyempa, kaichukua mwenyewe kwa hofu.

Daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, alilichunguza jambo hili miaka ya 1950. Huko Bethesda, mji wa kwao Marekani, aliwalaza hospitalini wagonjwa wa akili pamoja na wazazi wao, atazame wanavyoishi. Aliona kwamba wawili wakizidiwa na mvutano, humvuta wa tatu. Akaiita pembetatu. Wawili hupata nafuu, mzigo hubaki kwa yule wa tatu. Nafuu hiyo ndiyo inayofanya tabia hii iwe ngumu kuacha.

Ipo na namna ya pili, yenye sura ya upendo. Mama anamsimulia binti yake mkubwa mambo ya chumbani, au baba anamlalamikia mwanawe kila jioni. Kisha watu wanasifu: “Huyu ana akili za kikubwa.” Mimi sifa hiyo siipendi. Mtoto huyo amejifunza kusoma nyuso zenu kabla hajavua viatu. Tumbo linamuuma, zahanati hawaoni kitu, nanyi mnamwita mdekaji.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mpite barazani kwanza kabla ya kudai talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Wengi huja kufuata fomu tu. Jamani, njooni kuzungumza! Hata mkiachana, mtaendelea kumlea mtoto yule yule.

Leo mketini naye wote wawili, mwambieni: “Tumekosana sisi. Si kosa lako, wala si kazi yako kutupatanisha.” Ada na matumizi semezaneni wenyewe, mdomo ukigoma, andikianeni ujumbe. Mkishindwa kabisa, mshenga wenu yupo, kazi yake haikuishia kwenye mahari.

Lakini palipo na kipigo, hapo sisemi mketi pamoja. Nenda kwanza Dawati la Jinsia na Watoto, polisi, ukiwa na watoto wako.

Wengine, afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Mwombeni awaone nyote, kisha mtoto apewe nafasi ya kusema peke yake. Na mkirudi nyumbani, asiulizwe na yeyote alisema nini.

Ni mimi, bibi yenu wa barazani.