Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Shughuli za Chama na Suala la Jina

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Matoleo ya programu yetu yalitoka kwa wakati, kasoro za usalama zilizoripotiwa zilizibwa, tafsiri ya mwongozo inaendelea, seva ilihamishwa bila data kupotea, na mafunzo ya wachangiaji wapya yalifanyika mtandaoni kama kawaida. Wote waliohusika tunawashukuru. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitataja tarakimu chache tu: wanachama walioandikishwa ni 312, waliolipa ada hadi hesabu zinafungwa ni 97, na waliohudhuria mkutano maalumu wa kujadili jina la programu yetu ni 41. Naomba mzishike, nitazihitaji mbele.

Sasa nije kwenye jina.

Yamesemwa mengi, mengine kwa kunitaja. Imesemwa kwamba Mwenyekiti ameuza jina. Mtu huuza kilicho chake, na jina lile halikuwahi kuwa la chama hiki. Liliandikishwa kama alama ya biashara na kampuni ya mwasisi wetu kabla chama hakijasajiliwa, na viongozi wote waliotutangulia hawakuwahi kumwomba alihamishie kwetu. Mwasisi simlaumu, kwani enzi zile ni yeye peke yake aliyekuwa na fedha za kulipia. Kampuni yake ilipouzwa, jina nalo likaenda. Mmiliki mpya akatuandikia: tusaini mkataba wa kulitumia, au tuliache.

Mkataba huo niliusoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu, usiku baada ya kazi zangu, wala sikudai posho. Kifungu kimoja kilitaka kila toleo lipelekwe kwao likaguliwe kabla ya kutangazwa, nao wapewe siku 30 za kujibu. Maana yake ni kwamba kasoro ya usalama ikigunduliwa leo na kiraka cha kuiziba kikiwa tayari kesho, watumiaji wangekaa mwezi mzima bila kinga wakati sisi tunasubiri idhini. Kifungu kingine kiliwapa haki ya kufuta ruhusa wakati wowote bila kutaja sababu. Kamati Tendaji ilikataa kusaini, ikaamua tubadili jina. Niliunga mkono siku ile na naunga mkono leo.

Wapo wanaouliza: programu ni huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuibadili, leseni inaturuhusu kila kitu, hilo jina linatuzuiaje? Leseni inahusu hakimiliki ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu. Jina linalindwa na sheria nyingine. Leseni ya Apache toleo la 2.0, ya mwaka 2004, mojawapo ya leseni maarufu za programu huria, inasema waziwazi katika kifungu cha 6 kwamba haitoi ruhusa ya kutumia alama za biashara za mtoaji, isipokuwa pale inapobidi kueleza kazi ilikotoka. Debian, mradi unaosambaza mfumo huria wa kompyuta, walikuwa na msimbo wote wa Firefox, kivinjari cha Mozilla, mkononi. Lakini Mozilla ilitaka anayetumia jina atumie na nembo yake, na mabadiliko yapitie kwake kwanza. Mwaka 2006 Debian wakaamua kuisambaza kwa jina la Iceweasel, na jina hilo likadumu hadi 2016. Wanaoniambia kifungu cha ukaguzi kilikuwa kitu kidogo wawaulize hao.

Wengine wanasema tungekwenda mahakamani, na mfano wao ni Linux, mfumo huria wa uendeshaji wa kompyuta. Mfano ni mzuri, ila usomwe mpaka mwisho. Mwaka 1994 mtu mmoja huko Marekani aliomba kuandikisha jina hilo, halafu akaanza kudai malipo kwa wanaolitumia. Mgogoro ulikwisha mwaka 1997, alama ikahamishiwa kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo huo. Lakini mdai yule hakuwa mwanzilishi wa Linux. Letu liliandikishwa na mtu yuleyule aliyeandika mistari ya kwanza ya msimbo, kisha likauzwa kihalali. Tungesimama mbele ya hakimu tuseme nini? Na tungesimama kwa fedha zipi? Mwaka 2014 kampuni ya Groupon ilipoomba kuandikisha jina la Gnome kwa kifaa chake cha mauzo, GNOME Foundation, shirika la programu huria ya GNOME, ilitangaza kwamba inahitaji dola 80,000 za Marekani ili kupinga maombi 10 ya kwanza tu. Watu wakachanga, na Groupon ikaliacha jina. Hao tayari walikuwa na alama iliyoandikishwa kwa jina lao, na walikuwa na watu wa kuchanga. Sisi hati hatuna, na walipaji ni 97.

Mfano unaofanana na wetu ni wa Ethereal, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao. Mwaka 2006 mwanzilishi wake, Gerald Combs, alihama kazi, na haki za jina zikabaki kwa mwajiri aliyemwacha. Alichukua msimbo akauita Wireshark. Mafundi wa mitandao wa leo wanalijua hilo la pili, la kwanza wengi hawajawahi kulisikia. Waliojitenga na Mambo, programu ya kutengeneza tovuti, mwaka 2005 walijiita Joomla, jina lililochotwa kwenye Kiswahili chetu, na hawakufa njaa. LibreOffice nao, waliojitenga na programu za ofisi za OpenOffice.org mwaka 2010, waliiomba kampuni ya Oracle iwaachie jina hilo wakanyimwa, wakaendelea na kazi.

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni ya kura. Naambiwa kwamba wenzetu wa Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo yenyewe, walipogombana na Oracle juu ya jina, walipiga kura Januari 2011: 214 wakakubali kuhamia Jenkins, 14 wakakataa. Ni kweli kabisa. Walipiga kura kwa sababu walikuwepo. Katiba yetu inataka akidi ya theluthi moja, yaani watu 104. Ule mkutano maalumu ulitangazwa mapema, kwa barua pepe na kwenye kundi la ujumbe. Tulisubiri saa nzima, Katibu akihesabu viduara vyenye herufi za majina kwenye skrini. Alipoita orodha, baadhi ya viduara havikuitika. Wenyewe walikuwa wamefungua mkutano wakaenda kwenye shughuli zao. Huku barua ya mmiliki ilikuwa na tarehe ya mwisho. Akidi isipotimia na jambo likiwa la dharura, katiba inaipa Kamati Tendaji mamlaka ya kuamua, nayo iliamua kwa kumbukumbu zilizosainiwa. Ninachoshangaa ni kwamba waliokosa nafasi ya kuhudhuria walipata nafasi ya kuandika malalamiko marefu wiki hiyohiyo.

Kazi yenyewe ya kubadili jina haikuwa ya nembo peke yake, kama wengine wanavyodhani. Jina la zamani lilikuwa kwenye majina ya vifurushi, kwenye ujumbe wa hitilafu, kwenye folda ya mipangilio ya kila mtumiaji. Baya zaidi, anwani ya kutafutia masasisho imeandikwa ndani ya programu, na kikoa chake, yaani jina la tovuti, kilikuwa kinakwenda kwa mmiliki mpya. Kila kompyuta iliyosakinishwa programu yetu ingeendelea kubisha hodi kwake ikiomba masasisho. Tulitoa toleo dogo la haraka, lisilo na kipya ila anwani mpya na maelekezo ya kunakili mipangilio kwenda folda mpya, tukalisambaza kabla ya tarehe ya mwisho. Wazo la toleo hilo nililitoa mimi, ingawa kumbukumbu zimeandika "wajumbe walishauri". Waliokesha ni vijana wa kitengo cha vifurushi, na hao nawapongeza kwa dhati.

Kuhusu jina jipya, najua lililopendwa na wengi silo lililochaguliwa. Lile lilikutwa linatumika na programu nyingine. Kivinjari chao Mozilla walianza kukiita Phoenix, wakahamia Firebird mwaka 2003 wakakuta ni jina la mradi wa hifadhidata, na Februari 2004 wakaishia Firefox. Hatukuwa na nguvu ya kurudia zoezi. Maombi ya jina tulilochagua yamepelekwa kwa jina la chama, si la mtu, katika daraja la 9 la uandikishaji wa alama, la programu, na la 42, la huduma. Nywila za kikoa sasa ziko kwa watu watatu. Uandikishaji hulinda jina katika nchi ulikofanyika tu, kwa hiyo kila nchi tutakayoiongeza ina ada zake, na katika nchi nyingi baada ya miaka 10 kuna kuhuisha.

Hapo ndipo narudi kwenye ada. Wanachama 215 hawajalipa. Miongoni mwao wamo waliodai tuajiri mawakili. Mweka Hazina ametuma vikumbusho mpaka amechoka, na kuna aliyemjibu kwamba atalipa jina la zamani likirudi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kukamilisha kanuni za matumizi ya jina, hasa kwa wanaouza mafunzo na huduma. Rasimu ipo. Mmeona mwaka 2023 jinsi rasimu ya kanuni kama hizo ya Rust Foundation, shirika la lugha ya programu ya Rust, ilivyozua kelele, kwa hiyo tutakwenda taratibu na tutapokea maoni. Tunatumaini pia kupata wafadhili, kuongeza wachangiaji na, hali ikiruhusu, kuonana ana kwa ana. Kundi dogo linaloendelea kutoa programu kwa jina la zamani limeshaandikiwa barua na mmiliki. Wametuomba tuwatetee. Kamati Tendaji imewajibu kwamba chama hakihusiki na jina hilo, na mlango uko wazi kwao kurudi kwenye jipya.

Ajenda ya saba inataka uamuzi wa Kamati Tendaji kuhusu jina uthibitishwe na mkutano huu. Wapiga kura ni waliolipa ada, kama katiba inavyosema, na Mweka Hazina atakuwa mlangoni na daftari hadi ajenda hiyo ianze.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti