Nahitaji fidla yako

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Mkono umepona? Mimi mzima, usingizi tu ndio umekuwa adimu. Najua nimekaa kimya mno. Barua yako iko hapa mezani na nitaijibu yote, hata lile swali kuhusu mpiga besi wetu. Leo nina jambo moja linalonikereketa.

Nimepewa filamu fupi ya mwanafunzi mwenzangu niitungie muziki. Filamu nzuri, kweli nzuri. Mama na binti wako jikoni, hawasemezani. Binti anaondoka, mlango unafungwa, mama anabaki. Basi. Shida ni kwamba wakati wa kuihariri, mwongozaji aliweka muziki wa kushikia nafasi, okestra nzima iliyotoka kwenye filamu nyingine, akausikiliza wiki baada ya wiki hadi masikio yake yakauzoea. Sasa kila ninachompelekea anakipima kwa ule. Anasema ni kizuri, ila hakimgusi vile. Anataka nini, nichukue noti za mtu nizigeuze kidogo? Siwezi. Na roho inanidunda nikimkumbuka Alex North, aliyeitungia muziki *2001: A Space Odyssey* ya mwaka 1968, mwongozaji wake, Stanley Kubrick, akauacha akabaki na rekodi alizokuwa akizitumia kwenye uhariri.

Kazi yenyewe naipenda kuliko nilivyodhani ningeipenda. Hata hesabu zake! Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Mlango wetu unafungwa sekunde ya 20 tangu tukio lianze. Ukienda kwa mapigo 72 kwa dakika, kila pigo ni fremu 20, na mlango unaangukia pigo la kwanza la mita ya saba (kila mita ni fungu la mapigo manne), sawasawa kabisa, nilipiga makofi peke yangu. Halafu mhariri akapunguza sekunde mbili. Kwa mwendo uleule mlango sasa unaanguka katikati ya mapigo, kwa hiyo nimeshuka hadi 60. Angalau pale unatua kwenye pigo, japo ni la tatu. Na unajua? Limependeza zaidi, maana sikio halilitarajii.

Natunga pia muziki wa gemu la kompyuta, na huko hakuna sekunde ya 20. Mchezaji anaweza kusimama mbele ya mlango hadi kesho, au aupite mbio. Kwa hiyo tunatunga kwa matabaka: ngoma, besi, ala za nyuzi, kila moja lisimame lenyewe na pia likubaliane na mengine, programu iyaongeze au iyapunguze kadiri hatari inavyokuja. Kuna gemu la mwaka 1978, *Space Invaders*, lenye noti nne tu za chini zinazojirudia na kwenda kasi kadiri maadui wanavyokaribia. Noti nne! Mikono bado inatoka jasho.

Nahisi jibu la ile filamu limo humohumo. Nilizima matabaka ya gemu langu moja moja, nikabaki na nyuzi peke yake, na moyo ukakaza kuliko yalipokuwa yote. Okestra ya mwongozaji inafunika kijiko cha mama kinachogonga sufuria, inafunika maji ya bomba, na hivyo ndivyo vinavyosema pale jikoni. Mimi nataka kimya hadi mlango ufungwe. Kisha fidla moja, baada ya pumzi, wala si juu ya mlango. Sitabishana naye kwa maneno, nitamwekea aone. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka lile tukio la bafuni katika filamu yake *Psycho* lisiwe na muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaliandikia muziki wa nyuzi hata hivyo, akamsikilizisha, na Hitchcock akakubali. Mimi naomba kinyume chake, lakini njia ni ileile.

Ndiyo maana nakuandikia. Fidla ya kompyuta haivuti pumzi, na wewe unavuta. Nimeambatanisha noti, ni mita 12 tu. Cheza bila kutetemesha kidole, upinde karibu na ncha, na ukisikia mkwaruzo usiurudie, uache. Rekodi kwa kilohezi 48, chumba kisicho na mwangwi. Usisikilize ule muziki wa mwongozaji hata akikutumia mwenyewe!

Utaweza kabla ya Ijumaa? Mkono utaruhusu? Usinifiche, nikijua unauma nitasubiri, filamu itasubiri. Na unaonaje, pumzi baada ya mlango iwe ndefu kiasi gani? Dada yako bado ana ile maikrofoni? Na wewe ungekuwa mama yule, ungetaka usikie chochote?

Wako,
rafiki yako wa kinanda