Shukrani kwa kijana wa bodaboda

Kwako kijana uliyenikuta nimekwama njiani masika haya, boksi la dawa mseto ya malaria kichwani. Hatujuani. Zahanati yetu huku Rufiji haina mfamasia: mimi ndiye napima, naandika, kisha nahamia dirishani kugawa dawa. Kabati likiwa tupu, kazi yangu yote inaishia kumtajia mama jina la ugonjwa. Ulilifunika boksi kwa koti lako la mvua, wewe ukalowa, ukasukuma pikipiki kwenye tope hadi mlangoni. Nauli ukakataa. Usiku uleule mtoto aliyekuwa akichemka alinyweshwa dozi ya kwanza kati ya 6, pamoja na uji wa maziwa. Amepona. Mama yake anakuulizia kila akija kliniki. Ahsante sana, mdogo wangu. Ukipita tena, simama tukujue jina.