Waagizaji, CIF isiwalaze usingizi

Mhariri,

Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yangu ipo Kurasini. Wafanyabiashara wa Kariakoo huniletea ankara za vigae zilizoandikwa "CIF Dar es Salaam" (yaani bei yenye gharama ya mzigo, bima na nauli ndani yake) wakiamini kwamba vikivunjika baharini, hasara ni ya Mchina. Sivyo! Muuzaji analipa nauli ya meli na bima hadi bandari yetu, lakini hatari inamhamia mnunuzi mara mzigo ukishapakiwa melini kule bandari ya Ningbo, China. Bima yenyewe, kwa Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, inaweza kuwa ya kiwango cha chini kabisa: meli ikizama utalipwa, vigae vikipasuka kwa kutikiswa hulipwi. Ushuru nao ni wako. Kabla ya kutuma pesa, mbane muuzaji aandike bima pana kwenye mkataba.

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam