Barua ya wazi: Mheshimiwa, msitutoe Mji Mkongwe

Kwako Mheshimiwa mwenye dhamana ya Mji Mkongwe wa Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua niliyoipitisha kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, haijajibiwa. Juzi jirani yetu, bibi anayelea wajukuu, kapewa mwezi mmoja ahame. Mwenye nyumba kapata mtu wa kufungua hoteli. Pale nje, barazani wanapocheza bao wazee baada ya laasiri, kumeshatandikwa mito ya wageni, na mlinzi anamwambia mzee wa mtaa asogee.

Mheshimiwa, wengi wetu tuliingia nyumba hizi baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wengine Pemba. Marehemu baba alikuwa akipanda mwenyewe kuziba paa kila masika yakikaribia. Chokaa ilimganda vidoleni hata akikupa mkono unakwaruzika. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Tulifurahi kwa dhati. Leo naamini sifa ile ile ndiyo iliyopandisha kodi, kwani anacholipa mgeni kwa siku chache mimi sikipati kwa mwezi.

Anayetolewa huishia Fuoni au Kwarara, mbali na Mji Mkongwe, huko ndiko kwenye vyumba tunavyoviweza. Watoto bado wanasoma skuli za mjini, alfajiri wanagombania daladala. Chuo cha Kurani cha mtaa kilikuwa kikijaa hadi ngazini, sasa mwalimu anasomesha wachache. Akifa mtu, tunapiga simu mashamba kutafuta wa kubeba jeneza!

Ulikuja ukakaa nasi, ukasema mkaazi ndiye mlinzi wa kwanza wa mji huu. Tulikuamini. Mlinzi gani huyo anayetolewa na virago vyake, na kibali cha hoteli kimegongwa muhuri?

Hatukatai wageni. Wengi wetu tunakula kwa wageni: wapo wenye maduka, wapo wanaotembeza watalii. Ombi langu ni moja. Nyumba wanayoishi watu isipewe kibali cha kuwa hoteli mpaka wanaoishi humo waitwe, wasikilizwe, na wapatiwe pa kukaa humu humu mjini. Si Fuoni, Mheshimiwa. Humu humu. Na jibu tunalitaka kwa maandishi, kabla mwezi aliopewa bibi yule haujesha.

Wasalaam,
Mpangaji, Mji Mkongwe